Mbwa wa bure hula zaidi ya gunia la mahindi kwa mwaka

Katika vijiji vilivyo kati ya Kitale na Bungoma, ni nadra mtu kununua mbwa. Mbwa jike wa jirani akizaa, watoto wake hugawanywa baada ya kuachishwa kunyonya, na anayemchukua mmoja hurudi nyumbani akiamini amepata mlinzi bila kutoa hata senti. Mlinzi huyo hupewa jina la Simba, Tomi au Bosko na kufungwa kamba shingoni. Hesabu ya gharama huanza siku hiyo hiyo, ingawa ni wachache wanaoiandika.

Kwa wengi eneo hili, mbwa si pambo la nyumba. Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao makuu yake ni mji wa Kitale, hutegemea mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mali hiyo yote hulala nje au kwenye ghala la mbao. Upande wa Bungoma, kuku na ndama huwindwa na wezi usiku. Ndiyo maana hata boma lenye uhaba wa chakula halikosi mbwa mmoja au wawili.

Gharama kubwa kuliko zote ni chakula, nayo ndiyo isiyoonekana kwa sababu hutoka kwenye sufuria ya familia. Mbwa mzima wa kilo 20 hivi huhitaji takriban gramu 300 za unga kwa siku, mbali na matumbo, omena au mifupa ya kumpa nguvu. Kwa mwezi hizo ni kilo tisa. Kwa mwaka ni karibu kilo 110, yaani zaidi ya gunia moja la kilo 90. Mwenye mbwa wawili hupeleka kwenye kinu cha posho karibu magunia mawili na nusu ambayo hayatauzwa wala kuliwa na watoto wake.

Mkulima aliyevuna vizuri haumizwi sana na hesabu hiyo. Mpangaji wa mjini anayenunua unga dukani ndiye huumia. Mnamo Julai 2022, kabla ya Serikali kutangaza ruzuku ya kushusha bei hadi Sh100, pakiti ya kilo mbili ilikuwa imefika Sh205. Kwa bei hiyo, unga wa mbwa mmoja ulikuwa zaidi ya Sh900 kwa mwezi, na hapo kitoweo hakijahesabiwa. Haishangazi kwamba katika misimu ya aina hiyo mbwa wengi huachiliwa wajitafutie riziki majaani na karibu na vichinjio. Mbwa anayejitafutia chakula humpunguzia mwenyewe gharama ya unga, lakini huongeza nyingine zitakazoelezwa hapa chini.

Waliochagua mbwa wa kigeni, hasa German Shepherd wanaopendwa na wenye mashamba makubwa na majengo ya biashara, hubeba mzigo mzito zaidi. Mbwa huyo ana mwili mkubwa na hula zaidi ya mbwa wa kienyeji.

Baada ya chakula huja dawa. Minyoo huhitaji kutibiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na watoto wa mbwa mara nyingi zaidi ya hapo. Wengi huliona jambo hili kuwa anasa, lakini baadhi ya minyoo ya mbwa humwingia binadamu. Barabara inayotoka Kitale kuelekea Lodwar huingia Turkana, eneo ambalo limejulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa wa tegu wa mbwa, unaosababisha uvimbe uliojaa maji kwenye ini na mapafu ya watu. Shirika la AMREF lilianzisha mradi wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Mbwa huupata kwa kula viungo vya ndani vya mifugo vilivyo na vimelea, na kwa hiyo kumtupia mapafu au ini bichi ni uchumi wa uongo.

Kupe na viroboto pia hudai fedha zao. Vilevile funza, tatizo linalofahamika sana katika vijiji vya Bungoma, hukaa kwenye nyayo za mbwa na nguruwe na kurudi kwa watoto wanaocheza nao uani. Familia inayowatibu watoto na kumwacha mbwa hutibu ugonjwa huo huo kila mwezi.

Zaidi ya hayo kuna uzazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kumfunga kizazi kwa upasuaji hulipwa mara moja tu, ilhali kulisha watoto wake hadi wapate wa kuwachukua hujirudia miaka yote. Wengi hukwepa malipo ya daktari, kisha huishia kutupa watoto wa mbwa kando ya barabara.

Huduma za daktari wa mifugo hazikuwa mzigo wa mfugaji peke yake siku zote. Hadi miaka ya themanini, Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama hizo, kabla ya mageuzi ya kiuchumi kuzisukuma mikononi mwa madaktari wa kibinafsi. Katiba ya 2010 iliziweka huduma hizo chini ya kaunti, pamoja na kazi ya kutoa leseni za mbwa, jambo ambalo wenye mbwa wengi hawalijui. Kaunti zinapoandaa kampeni, mbwa huchanjwa bila malipo au kwa ada ndogo. Kampeni isipofika kijijini, mwenye mbwa hulipa mwenyewe au huacha.

Anayeacha hapo ndiye huhamishia jirani gharama yake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akifika umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ugonjwa wenyewe uliripotiwa nchini mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa viungani mwa Nairobi. Mpango wa kitaifa wa kuuangamiza kati ya 2014 na 2030 ulikadiria kwamba huua hadi watu 2,000 nchini kila mwaka. Duniani, watoto walio chini ya umri wa miaka 15 ni asilimia 40 ya wanaofariki. Dalili zikishajitokeza, takriban kila mgonjwa hufa.

Aliyeumwa huhitaji kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuanza chanjo mara moja. Kwa utaratibu wa dozi tano, hudungwa siku ya kwanza na tena siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 baada ya hapo. Kwa anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hizo ni safari tano za mjini, na mara nyingine huelezwa kwamba dawa imekwisha na akanunue kwenye duka la dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria gharama hiyo kuwa wastani wa dola 108 za Marekani kwa mtu mmoja, pamoja na nauli na mapato anayoyapoteza. Kwa kibarua wa shambani, hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Sheria nayo haimsahau mwenye mbwa. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu hufanya kuwa kosa kupuuza tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwa mtu, na aliyejeruhiwa anaweza kudai fidia mahakamani.

Kwa sababu hiyo, kadi ya chanjo inastahili kuhifadhiwa pamoja na vyeti vingine vya nyumbani. Mbwa akiuma mtu, hiyo ndiyo huulizwa kwanza. Mbwa mwenyewe hasiuawe wala kufukuzwa, bali afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima hadi siku ya kumi, daktari anaweza kusitisha chanjo ya aliyeumwa, na dozi mbili za mwisho, zile za siku ya 14 na ya 28, zikaokolewa pamoja na nauli yake.