Kengele, Ufagio na Jembe: Siku ya Mtoto Shuleni

 

Mara nyingi tukitaja historia, watu hufikiri vita, wafalme na mikataba. Leo hatuendi huko. Tutaitazama siku moja ya mtoto wa shule ya msingi hapa Tanzania Bara, nasi tutauliza mambo yake yalitoka wapi. Hasa tutauliza juu ya ufagio na jembe, maana vitu hivyo viwili vimewagombanisha wazazi na shule kwa muda mrefu.

Wengi wenu mnaijua siku hiyo. Jua halijachomoza, mtoto yumo njiani. Mkononi ana ufagio wa njukuti au kidumu cha maji. Mfukoni ana kipande cha muhogo, kama kipo. Kengele ya shule yake si kengele. Ni rimu ya gari bovu, au kipande cha reli, kimetundikwa mwembeni na hugongwa kwa chuma. Kikilia, kila darasa lakwenda eneo lake la usafi. Wasichana hufagia na kuteka maji, wavulana hufyeka majani. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika shule nyingi, wala hakuna aliyeuliza kwa nini mvulana asiteke maji. Halafu mchakamchaka, halafu mstarini. Mwalimu wa zamu hutazama kucha, meno na kola ya shati. Bendera hupandishwa, wimbo huimbwa, na rejista huitwa jina baada ya jina. Vipindi huanza watoto wakiwa wamekwisha fanya kazi ya saa nzima.

Basi, kazi hiyo ni somo, au ni utumishi? Hilo ndilo swali letu.

Huku pwani watoto walisoma zamani sana kabla ya serikali yo yote kujenga shule. Walisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, wakiandika juu ya ubao wa mti na kuuosha ili waandike tena. Watoto wale walimtekea mwalimu maji, walimchanjia kuni, pengine walimlimia shamba. Lakini mwalimu wa chuo hakuwa na mshahara. Kazi ya watoto ilikuwa sehemu ya malipo yake, na mzazi alilijua jambo hilo tangu siku alipompeleka mwanawe. Hapakuwa na cha kufichana.

Wadachi walipotawala, walifungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Shabaha yao ilikuwa wazi: walitaka makarani, wakalimani na maakida wawezao kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Pale Tanga vijana walifundishwa pia kazi za ufundi, na katika kiwanda cha chapa cha shule lilipigwa gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi. Kazi ya mikono namna hiyo wazazi hawakuichukia. Aliyejua kupiga chapa au kuranda mbao alipata ujira mjini.

Ugomvi hasa ulikuja na jembe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika nchi, na mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama elimu. Tume hiyo ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na maisha ya kijijini. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa waraka wake wenye mwelekeo huo huo. Ndipo shamba la shule likawa jambo la kawaida.

Ushauri wenyewe, ukiusoma peke yake, haukuwa mbaya. Lakini mzazi alikuwa na hoja nyepesi kueleweka. Jembe analo nyumbani, na kulima anamfundisha mwanawe mwenyewe. Amemleta shuleni ili apate kile asichoweza kumpa. Tena alikuwa na macho: karani alivaa viatu na kupokea mshahara, mkulima alitozwa kodi. Shule nazo zilitengwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na siasa ya jembe iliandikwa kwa ajili ya Waafrika. Mzazi akiona hivyo, atakosaje kushuku kwamba mwanawe anafundishwa abaki chini?

Hata kufika shuleni kulikuwa shida. Umri haukuandikwa po pote, kwa hiyo mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Asipolifikia, hurudishwa nyumbani akue. Julius Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, na kutoka kwao Butiama kulikuwa zaidi ya maili 20. Na waliofika hawakukaa sana. Darasa la nne palikuwa na mtihani, na kwa watoto wengi huo ndio ulikuwa mwisho. Waliobahatika walikwenda shule za kati, darasa la tano mpaka la nane. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule hizo nazo zilitiliwa mkazo wa kilimo. Wazazi wakanung'unika, hata mkazo huo ukalegezwa kabla ya Uhuru.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watoto wa shule za msingi walikuwa chini ya nusu milioni. Mwaka 1962 utengano wa rangi mashuleni ulikomeshwa. Sasa wazazi walidhani jembe limekwenda na wakoloni. Kumbe! Machi 1967 Rais Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na jembe likarudi.

Hapa tusikimbilie kusema ni jambo lile lile. Nyerere alianza na hesabu. Kwa kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 hivi tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Je, wale wengine wahesabiwe kuwa wameshindwa maisha wakiwa bado watoto? Akasema elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, watoto waanze wakiwa wakubwa kidogo ili wamalize wakiwa na nguvu za kufanya kazi, na kila shule iwe na shamba. Lakini alitaka wanafunzi washiriki kuamua walime nini, waandike hesabu, na waone faida ya jasho lao. Shamba lilikuwa liwe darasa.

Palipofuatwa hivyo, mambo yalikwenda. Mahindi yalipikwa uji, pamba iliuzwa, watoto wakanunua mpira na madaftari. Pengine pote jembe lilibaki na daftari la hesabu likapotea. Watoto walilima asubuhi nzima, mavuno wasiyaone. Palikuwa na walimu waliowapeleka wanafunzi kwenye mashamba yao wenyewe na kuiita kazi hiyo kujitegemea. Mzazi aliyelalamika aliambiwa hapendi siasa ya nchi. Kwa maoni yangu hilo liliiharibu siasa yenyewe kuliko adui ye yote.

Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ilifutwa. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, iliamuliwa kila mtoto wa umri wa shule asome, na mwaka 1977 jambo hilo lilifikiwa kwa sehemu kubwa. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wafundishe, huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na redio. Madarasa yalipokezana asubuhi na mchana. Wasichana, waliokuwa wachache sana siku za ukoloni, wakakaribia kulingana na wavulana. Ada na michango vilirudi miaka ya 1980; ada ikafutwa tena mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne.

Hata fimbo sasa ina sheria yake. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka viboko visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyemruhusu, na viandikwe katika kitabu. Juu ya jembe hakuna kitabu kinachojulikana hivyo na wazazi. Rimu mwembeni ingali ikigongwa, na ufagio ungali mkononi.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kimtafute mzee au bibi aliyesoma kabla ya mwaka 1967, na mwingine aliyesoma baadaye. Waulizeni shamba la shule lilikuwa na ukubwa gani, lililimwa nini, nani aliandika hesabu, na mavuno yalikwenda wapi. Katibu wa kikundi aandike majibu yote mawili katika ukurasa mmoja.