Ugomvi wa Kiel juu ya Upasuaji wa Kidole Tumbo

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu Septemba 1980, mwezi ambao Kurt Semm, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, alikitoa kidole tumbo cha mgonjwa kwa kupitia matundu madogo, bila kulipasua tumbo, na ubishi uliozuka baada ya hapo haujaisha kabisa kuhusu wagonjwa wanaofika hospitalini kidole tumbo kikiwa kimekwisha kupasuka.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, ambacho kikiziba huvimba, na kisipowahiwa hupasuka na kumwaga usaha na uchafu wa utumbo ndani ya tumbo. Reginald Fitz wa Boston aliuelezea ugonjwa huo na kuupa jina mwaka 1886, Charles McBurney wa New York akaeneza mkato wa upande wa kulia mwaka 1894, na mwaka 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII wa Uingereza kuliahirishwa ili daktari wa upasuaji Frederick Treves alikamue jipu lililotokana na maradhi hayo.

Semm, ambaye aliwahi kujifunza ufundi wa kutengeneza zana, alibuni mashine ya kupuliza gesi ya kaboni dioksaidi tumboni kwa kipimo, ili ukuta wa tumbo uinuke na vifaa vipate nafasi. Grzegorz Litynski, aliyeandika historia ya upasuaji huo mwaka 1998, anasimulia kwamba Semm alipoanza kuongoza idara yake mwaka 1970, wenzake walimtaka apigwe picha ya ubongo, kwa kuwa waliamini kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kufanya upasuaji wa namna hiyo. Baada ya mhadhara wake kuhusu kidole tumbo, rais wa chama cha madaktari wa upasuaji wa Ujerumani aliwaandikia viongozi wa chama cha madaktari wa magonjwa ya wanawake akitaka Semm asimamishwe kazi, na jarida moja la Marekani likaikataa makala yake kwa madai kwamba kazi hiyo inakiuka maadili. Hadi maelezo yake yalipochapishwa mwaka 1983, alikuwa amebeba fedheha ambayo kwa haki ingewaangukia waliomhukumu pasipo kuzichunguza hoja zake.

Jambo waliloshindwa kuliona lilikuwa katika hatua za kazi yenyewe. Shina la kidole tumbo hufungwa kwa kitanzi cha uzi chenye fundo linaloteleza, fundo lililokuwa likitumika awali katika kuondoa mafindofindo ya watoto, kisha kidole tumbo hukatwa na kuvutwa nje ndani ya bomba, hivyo nyama iliyooza haigusi ngozi wala mafuta yaliyo chini yake. Hiyo ni sababu kubwa inayofanya vidonda vya matundu vitunge usaha mara chache kuliko mshono wa mkato, na tofauti hiyo ni yenye thamani kubwa pale usaha unapokuwa umejaa tumboni. Kamera, zaidi ya hayo, humwezesha daktari kuona chini ya ini na ndani ya nyonga, sehemu ambazo mkato mdogo hauzifikii. Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili zilionyesha pia kwamba majipu ya ndani ya tumbo yalijitokeza zaidi kwa waliopasuliwa kwa matundu, na hoja hiyo ndiyo iliyowapa wapinzani nguvu kwa muda mrefu, ingawa ujuzi ulipoongezeka pengo hilo lilipungua.

Katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki, mkato unabaki kuwa njia ya kawaida, kwa sababu unaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongoni, ilhali matundu kwa kawaida huhitaji nusukaputi, gesi, kamera na umeme usiokatika. Daktari anayeosha tumbo lenye usaha kwa mkato uliofanywa vizuri hastahili kuonwa kuwa amebaki nyuma. Linalostahili lawama ni kuziacha hospitali hizo bila mtaalamu wa usingizi, huku wagonjwa wakiendelea kufika siku kadhaa baada ya maumivu kuanza.