Karanga za Kongwa na jedwali lisilokosea

Kila nikipewa andiko la mradi wa umma ili niandike habari, naanza kusoma kutoka nyuma, kwenye jedwali. Mwaka wa kwanza hiki, mwaka wa pili kile, mpaka siku ya kukata utepe. Sijawahi kukuta mstari unaosema, "hapa tutasimama, tuangalie kama tumekosea." Na kila mara nakumbuka Kongwa.

Hadithi yenyewe wengi tunaijua nusunusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akatoa wazo: karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hukuhuku, pamoja na wenzake wawili. Wakazunguka wiki chache tu, wakarudi na mpango kamili: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati yake Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Muda miaka sita, gharama karibu pauni milioni 25.

Ukiusoma leo, mpango ule unapendeza. Kila kitu kina namba. Lengo la mwaka 1947 peke yake lilikuwa ekari 150,000.

Sasa njoo shambani. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika mapema. Mizizi ya vichaka ilivunja vifaa, mibuyu ikagoma kung'oka, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Kiangazi kilipofika, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga, kama tujuavyo, huzaa chini ya ardhi. Halafu mvua ikakosekana.

Hapo kwenye mvua ndipo ninapokwama. Kongwa ni Ugogo. Mwaka 1947 kulikuwa na watu wazima tele pale walioiona kwa macho njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Mzee yeyote wa Kigogo angeweza kukwambia mvua ya kwao ina tabia gani. Lakini jedwali halikuwa na safu ya mzee wa Kigogo.

Ekari zilizolimwa zilipokuwa chache mno, lengo likapunguzwa, kisha likapunguzwa tena. Kazi ikaendelea. Kusimama kungekuwa ni kukiri, na waziri wa chakula, John Strachey, alishaubeba mradi bungeni. Januari 1951 serikali ikaachana nao, na hasara ikazidi pauni milioni 35.

Alan Wood, aliyefanya kazi ya habari katika shirika la mradi, alijiuzulu na kuandika The Groundnut Affair, kitabu kilichotoka mwaka 1950, mradi ukiwa bado hai. Mimi kama mwandishi wa habari hilo linanigusa: mtu aliyeajiriwa kuusemea mradi alilazimika kutoka nje ndipo aseme alichokiona.

Sisemi kupanga ni kosa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi huohuo, ipo mpaka leo inapokea meli. Gati unaweza kulipima na kulichora kabla hujamwaga zege. Shamba kwenye ardhi usiyoijua ni jambo lingine. Hilo hujaribiwa kwa ekari chache, unasubiri msimu, unauliza wenyeji, ndipo unaongeza. Kongwa walianza na maelfu kwa maelfu.

Basi siku hizi, kwenye mikutano ya waandishi, nikimaliza maswali ya gharama huwa naongeza moja: nani kwenye mradi huu ana ruhusa ya kusema haufanyi kazi, na akisema, nini kitamtokea? Mara nyingi nanyamaziwa, halafu tunakaribishwa chai.