Kitenzi cha Kilatini pendere na Asili ya Neno Pesa katika Pwani ya Moa

Katika baadhi ya orodha za maneno ya Kiswahili yaliyokopwa kutoka Kireno, pesa huwekwa pamoja na meza, leso na bendera. Kwa dai hilo, chimbuko lake ni peso, neno litokanalo na kitenzi cha Kilatini pendere. Kitenzi hicho kilimaanisha kuning'iniza, kisha kupima kwa mizani, na hatimaye kulipa, kwa kuwa Warumi wa kale walilipa kwa shaba iliyopimwa uzito. Kimaana dai hilo linavutia. Sauti zinalikataa. S ya Kireno iliyo kati ya irabu hutamkwa z, ndiyo maana mesa ikawa meza. Nayo o ya mwisho ya lenço imebaki katika leso. Kwa kanuni hizo peso ingezaa *pezo.

Sarafu zenyewe zinaelekeza India. Huko rupia iligawanywa katika ana 16, na kila ana katika paisa 4. Badiliko la ai kuwa e si geni: shaitani wa Kiarabu ndiye shetani wa Kiswahili. Mwaka 1299 Hijria (1882) Sultani Barghash wa Unguja alitoa sarafu ya shaba yenye jina hilo. Ugawaji wa pwani ulioanza mwaka 1886 uliiacha Vanga upande wa Waingereza, na Moa, iliyo kusini yake, upande wa Wajerumani. Mfumo wa fedha haukugawanyika vivyo hivyo. Kampuni ya Waingereza ilitoa sarafu ya shaba ya robo ana kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888. Kampuni ya Wajerumani ikatoa pesa zake kati ya 1890 na 1892, 64 kwa rupia moja. Nembo zilitofautiana, kipimo kilikuwa kilekile. Mwaka 1904 Wajerumani waliiondoa pesa na kuleta heller, 100 kwa rupia. Sarafu ikatoweka, jina likabaki, likitaja mali yote ya kulipia sambamba na fedha, neno ambalo kwa Kiarabu ni madini.

Hata hivyo pendere haikukosa uzao katika Kiswahili. Pensheni, kupitia Kiingereza, imetokana na pensio, yaani malipo. Pauni imetokana na pondus, uzito, nomino ya shina lilelile. Mstaafu wa Moa apokeapo pensheni, jina la malipo yake ndilo lililotoka Roma. Pesa anazohesabu zilitoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.