Unene, Dawa na Usimamizi

Mwezi wa Agosti, 1862, mzee mmoja wa London aitwaye William Banting alikwenda kwa tabibu wa masikio, kwa sababu usikivu wake ulikuwa ukipungua. Jamaa zake walikuwa watengenezaji wa majeneza na wasimamizi wa mazishi ya wakuu wa Uingereza, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa heshima na mali. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 5, na uzito wake ratili 202, yaani kilo 92 hivi. Hakuweza kuinama akafunga kamba za viatu vyake; na aliposhuka ngazi ilimpasa ashuke kinyumenyume, polepole, kama mtu ashukaye mnazi. Kwa muda wa miaka mingi alikuwa amewaendea matabibu wengine. Mmoja alimwambia apige makasia mtoni, naye akapiga. Mazoezi yakamwongezea nguvu, nguvu zikamwongezea hamu ya kula, na unene ukazidi.

Tabibu wa masikio, William Harvey, alikuwa amepata kuhudhuria mihadhara ya Claude Bernard huko Paris juu ya kazi ya ini na maradhi ya kisukari. Alimtazama Banting akaona kuwa kiini cha shida si sikio bali mafuta. Akamwandikia utaratibu wa chakula: aache mkate, maziwa, sukari, bia na viazi, ale nyama, samaki na mboga kwa vipimo na kwa saa zake. Banting alitii, akajipima, akaandika kila alichokiona. Baada ya mwaka mmoja ratili 46 zilikuwa zimemtoka. Kwa furaha yake alichapisha kijitabu mwaka 1863 kwa gharama yake mwenyewe, akakigawa bure. Kijitabu hicho kilienea hata jina la mwenyewe likawa kitenzi katika Kiingereza, na mpaka leo watu wa Sweden wasemapo kwamba mtu anajipunguza mwili husema *banta*. Ni watu wachache waliojaliwa kugeuzwa kitenzi, tena cha taifa jingine.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Kiswahili chetu hakina kitenzi kimoja cha mtu anayejipunguza kwa hiari. Tuna *kukonda*, lakini neno hilo limebeba msiba. Mtu akiambiwa "Mbona umekonda, kulikoni?" hasifiwi, bali anaulizwa kama ana maradhi, au deni, au kilio nyumbani. *Kunenepa* na *kunawiri*, kinyume chake, yamekaa katika salamu njema. Yaliyotokea katika miaka ya 1980 yaliutia nguvu mpya woga huo wa kale, wakati UKIMWI ulipoingia nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria. Katika Uganda watu waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mwaka 1985 waganga waliandika habari zake kwa jina hilo hilo katika jarida kubwa la Uingereza. Mtu aliyeyaona mazishi ya miaka ile hawezi kulaumiwa akiuona mwili mwembamba kuwa dalili mbaya. Kwa hiyo twaazima maneno mawili, tukasema *kupunguza mwili*, nayo yanasikika bado kama kauli ya kigeni.

Turudi kwenye historia. Harvey alikuwa amempa mgonjwa wake vitu viwili: shauri, na mtu wa kurudi kwake. Waliomfuata walitamani kupata kitu cha tatu kitakachoyafanya hayo mawili yasihitajike. Mwisho wa karne ya 19 ilitumiwa dawa iliyotokana na tezi ya shingo ya wanyama; ilipunguza mwili, lakini iliupiga mbio moyo. Kisha ikaja dainaitrofenoli. Kitu hiki kilitumiwa katika viwanda vya baruti vya Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ilionekana kwamba wafanyakazi walioshika kazi hiyo walitoka jasho jingi, wakakonda, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Windsor Cutting na Maurice Tainter, walitangaza kuwa huchoma mafuta ya mwili kama moto uchomavyo kuni. Kwa muda mfupi watu wapatao 100,000 katika Marekani walikuwa wameimeza. Mwaka 1935 wanawake vijana wakaanza kuota mtoto wa jicho, maradhi ya wazee; na wengine joto la mwili liliwapanda hata wakafa, kwa kuwa hakuna dawa iwezayo kuuzima moto ule ukishazidi. Sheria ya mwaka 1938 iliiondoa. Wataalamu wenyewe walikuwa wameonya kwamba isitumiwe ila chini ya uangalizi mkali, lakini onyo halikutiwa chupani pamoja na vidonge.

Watu wengi, wakisoma habari kama hizi, husema kuwa kosa ni kumeza dawa bila ya daktari. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 Marekani ilijaa madaktari walioshughulika na unene peke yake, na katika vyumba vyao mgonjwa alipewa vidonge vya rangi nyingi, nyekundu, manjano, kijani, buluu, mpaka vikaitwa vidonge vya upinde wa mvua. Ndani yake zilichanganywa amfetamini ya kuua njaa, dawa ya tezi, dawa ya kukojoza, dawa ya kuendesha tumbo, dawa ya moyo, na dawa ya usingizi ya kutuliza hayo yote. Mwezi wa Januari, 1968, gazeti la Life lilichapa habari ya mwandishi wake, Susanna McBee, mwanamke ambaye hakuwa mnene hata kidogo. Aliwaendea madaktari 10 wa namna hiyo, akatoka na vidonge 1,479. Mwaka huo huo Baraza la Seneti lilifanya uchunguzi chini ya Seneta Philip Hart, na vifo vikatajwa mbele yake.

Namwomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri. Kila kidonge katika vile 1,479 kilitoka mkononi mwa daktari mwenye cheti. Kwa kauli ya sheria, usimamizi ulikuwapo. Mizani ilikuwapo, koti jeupe lilikuwapo, na ada ililipwa. Lililokosekana ni mtu kumkalisha mgonjwa akamwuliza anakula nini, analala saa ngapi, ana huzuni gani, kisha akamngoja arudi aeleze. Neno *usimamizi* latokana na kusimama, na madaktari wale, kwa kweli, walisimama tu.

Kisa kilichonishughulisha zaidi ni cha miaka ya 1990, kwa sababu ndani yake hakuna laghai wa kumtupia lawama zote. Daktari Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester aliwachukua watu 121, akawapa baadhi yao dawa mbili pamoja, fenfluramini na fentamini, na wengine vidonge vitupu. Wote, wa dawa na wa vidonge vitupu, walifundishwa namna ya kula, walifanya mazoezi, na walishauriwa juu ya mazoea yao. Baada ya wiki 34 wenye dawa walikuwa wamepungua kilo 14.2 kwa wastani, na wenzao kilo 4.6. Habari hizi zilichapwa mwaka 1992. Huo ulikuwa uchunguzi wa muda mrefu, ulioandikwa kwa uaminifu.

Lakini tazama kilichotoka nje ya mlango wa chuo. Dawa mbili zilitoka. Mafundisho yalibaki ndani. Mnamo mwaka 1996 hati za dawa hizo zilizoandikwa Marekani zilizidi milioni 18, na vyumba vilifunguliwa ambamo mtu aliingia, akapimwa, akapewa karatasi, akaondoka. Mwezi wa Julai, 1997, waganga wa Mayo Clinic walitoa habari ya wanawake 24 waliotumia dawa hizo wakaharibika vali za moyo, yaani vilango vipitishavyo damu. Mwezi wa Septemba fenfluramini na ndugu yake deksifenfluramini ziliondolewa sokoni. Nisieleweke vibaya: mafundisho yasingaliziokoa vali zile, maana sumu ilikuwa katika dawa yenyewe. Nisemalo ni kwamba mamilioni walipewa nusu ya kile kilichopimwa, wakaambiwa ndicho kizima.

Ile nusu iliyoachwa ilipata ushahidi wake mwenyewe miaka michache baadaye. Uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya kuzuia kisukari, uliochapwa mwaka 2002, ulikusanya watu 3,234 waliokuwa karibu kupata maradhi hayo. Kundi moja lilipewa metformini. Jingine lilipewa mtu: kila mmoja alikuwa na mkufunzi wake, alipitia masomo 16 ya mwanzo, na shabaha yake ilikuwa kupunguza sehemu 7 katika 100 za uzito na kutembea kwa nguvu dakika 150 kila wiki. Kwa muda wa karibu miaka 3 metformini ilipunguza idadi ya waliopatwa na kisukari kwa 31 katika 100. Mkufunzi aliipunguza kwa 58. Sisi wa pwani hatukuhitaji kufundishwa kazi ya mtu huyo. Kungwi hampi mwari majani ya dawa akamwacha aende zake. Humfunza, humwonya, na kuendelea kuwa somo wake hata uzeeni.

Dawa za siku hizi zina asili ya ajabu. Katika majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani yuko mjusi mwenye sumu aitwaye Gila, ambaye hula mara chache tu kwa mwaka. Daktari John Eng, aliyefanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, alichunguza mate yake, na mwaka 1992 akatangaza kitu kinachofanana na GLP-1, homoni ya utumbo wa binadamu iliyotambuliwa katika miaka ya 1980, ila kilidumu zaidi mwilini. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliruhusiwa kwa kisukari mwaka 2005. Semaglutidi, mtoto mkubwa wa ukoo, iliruhusiwa Marekani kwa unene mwaka 2021. Huuambia ubongo kwamba tumbo limeshiba, na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Katika uchunguzi wa watu 1,961 waliotumia sindano moja kwa wiki kwa wiki 68, wenye dawa walipungua kwa wastani 14.9 katika 100 ya uzito wao, na wenye sindano tupu 2.4. Wote walionana na mshauri kila baada ya wiki 4.

Haki inataka niseme na linalonipinga. Katika uchunguzi mwingine wa dawa hiyo hiyo, watu walipewa mikutano 30 ya ushauri na chakula maalumu katika wiki za mwanzo; wenye dawa wakapungua 16 katika 100, si mbali na wale walioshauriwa mara moja kwa mwezi. Mizani, basi, haimpi mkufunzi sifa kubwa pale dawa inapokuwa kali. Lakini mizani haijui kama kilichopungua ni mafuta au nyama ya misuli, haijui mtu ametapika mara ngapi, wala haijui atakula nini siku dawa itakapokwisha. Na siku hiyo imechunguzwa. Baadhi ya watu wa uchunguzi ule wa kwanza waliangaliwa mwaka mmoja baada ya kuachishwa vyote viwili, sindano na ushauri. Thuluthi mbili za uzito uliokuwa umewatoka ulikuwa umerudi.

Jambo hili lilinifikia nyumbani. Dada yangu mkubwa, mwenye shinikizo la damu na magoti yanayomwuma, alinijia jioni moja na kalamu ya sindano ndani ya mkoba. Aliinunua kwa mtu aletaye bidhaa kutoka ng'ambo, akaambiwa aanze na kipimo cha juu ili asipoteze wakati. Alinitaka nimfasirie karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku. "Wewe si ndiye daktari wetu, mdogo wangu?" Nikamwambia kuwa udaktari wangu ni wa vitabu, na kwamba hakuna mtu aliyepona kwa ngeli za majina. Hata hivyo nikasoma. Karatasi ilisema kwamba kipimo huanza na miligramu 0.25, kikapandishwa kwa hatua muda wa wiki 16, na kwamba dawa hutumiwa pamoja na chakula kilichopunguzwa na mazoezi yaliyoongezwa. Nilifasiri maneno hayo ya mwisho kwa uangalifu wangu wote. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Hayo ya pamoja, nani atanifundisha?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi nilimsindikiza hospitali. Daktari, kijana mpole, aliigeuza ile kalamu mkononi, akatueleza kwamba mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutidi za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na kwamba yeye hana njia ya kujua kilichomo ndani ya hii. Aliiweka kando. Alimpima dada damu na mkojo, akamwuliza habari za kongosho na za mawe ya nyongo katika ukoo wetu, akamwuliza anapika kwa ajili ya watu wangapi, na nani hula mwisho. Swali hilo la mwisho dada alilijibu kwa muda mrefu. Dawa hakumpa siku hiyo. Alimpa daftari dogo la kuandika kila alacho, kwa saa zake, na katika cheti chake akaandika tarehe ya kurudi, baada ya wiki 2.