Kiswahili Kilisikika Usiku wa Kwanza: Kwa Nini Tamthilia za Zamani za Anga Bado Zinatushika

Alhamisi ya tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilirusha kwa mara ya kwanza tamthilia iitwayo Star Trek. Sehemu ya usiku ule, The Man Trap, inahusu kiumbe anayeweza kubadili sura na kusoma mawazo ya watu. Anaingia ndani ya chombo cha anga Enterprise, anamkuta Luteni Uhura, afisa mawasiliano, yuko peke yake. Basi anajigeuza kuwa kijana mweusi mtanashati na kumsemesha. Kwa Kiswahili. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kiswahili chenyewe kimepindapinda, ukikisikia utacheka, lakini ni Kiswahili, na kilisikika usiku wa kwanza kabisa.

Mimi niliiona sehemu hiyo kwenye kompyuta, usiku ambao nilipaswa kuwa naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Nilirudisha nyuma mara tatu. Kesho yake nikamwonyesha mdogo wangu, ambaye amekulia kwenye filamu za Marvel, nikitaka tu acheke. Akacheka kweli: mawe yanaonekana wazi kuwa si mawe, na taa za kwenye chombo zinawaka kama za harusini. Lakini hakuondoka. Tukaangalia sehemu nyingine, na nyingine. Wiki iliyofuata tukajaribu Star Trek: Discovery, iliyoanza mwaka 2017, picha safi kama za sinema. Sehemu ya pili haijaisha, tayari ameshika simu yake. "Hii nzuri," akaniambia, "ila ile ya mawe..." Hakumalizia. Makala hii ni jaribio langu la kumalizia sentensi yake.

Jibu la haraka ambalo huwa nalisikia ni kwamba watu hupenda vya zamani kwa sababu vinawakumbusha utoto wao. Kwa mzee wa Chicago, sawa. Ila mimi na mdogo wangu hatuna utoto wowote ndani ya Star Trek. Ilisimamishwa mwaka 1969, karibu miaka thelathini kabla sijazaliwa. Jibu la pili lina uzito zaidi: kwamba zilizo mbovu zimesahaulika, tumebakiwa na zile bora, halafu tunadhani zote zilikuwa hivyo. Hili nalikubali nusu. Kati ya sehemu 79 za Star Trek ya kwanza kuna moja ya mwaka 1968 iitwayo Spock's Brain, ambamo ubongo wa Spock unaibwa na mwili wake unatembezwa kwa rimoti. Usiitafute. Lakini hata ukilinganisha bora na bora, bado kuna kitu kwenye zile za zamani, na ili kukiona inabidi turudi nyuma miaka kumi zaidi, kwa mtu anayeitwa Rod Serling.

Agosti 1955, mvulana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa katika jimbo la Mississippi. Wazungu wawili walishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likawaachia huru. Serling, aliyekuwa tayari mwandishi maarufu wa michezo ya televisheni, alitaka kuandika juu ya mauaji yale. Sasa elewa jinsi televisheni ya Marekani ilivyokuwa ikiendeshwa wakati huo: kipindi kililipiwa na mdhamini, mara nyingi kampuni moja, na mdhamini alikuwa na kauli kwenye muswada. Mchezo wake, Noon on Doomsday, uliorushwa mwaka 1956 kwenye kipindi kilichodhaminiwa na kampuni ya chuma ya U.S. Steel, ulibadilishwa mpaka ukawa kitu kingine. Mji ukahamishiwa kaskazini, mbali kabisa na majimbo ya kusini, na aliyeuawa akawa mgeni fulani asiye na asili inayoeleweka. Serling mwenyewe alisimulia kwamba hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, kwa sababu kinywaji hicho kingemkumbusha mtazamaji kusini. Akajaribu tena mwaka 1958 na A Town Has Turned to Dust. Safari hii kisa kikarudishwa karne ya 19 na marehemu akawa Mmeksiko.

Tarehe 2 Oktoba 1959, kituo cha CBS kikaanza kurusha The Twilight Zone. Serling ndiye aliyeianzisha, akaitambulisha kwa sauti yake, na kati ya sehemu zake 156 aliandika 92. Watu wa majini, maroboti, wageni kutoka sayari nyingine. Wengi walidhani mwandishi makini ameamua kupumzika na hadithi za watoto.

Sehemu iitwayo The Monsters Are Due on Maple Street ilirushwa tarehe 4 Machi 1960. Ni jioni tulivu kwenye mtaa wa watu wa kipato cha kati. Kitu kinapita angani, umeme unakatika (kwetu hilo si habari, lakini vumilia), simu hazifanyi kazi, magari hayawaki. Mtoto mmoja, msomaji wa vitabu vya viumbe wa anga, anasema amewahi kusoma kwamba wageni hutanguliza familia moja inayofanana na binadamu. Basi. Majirani wanaanza kutazamana. Kwa nini gari la yule limewaka lenyewe? Kwa nini huyu huwa anasimama nje usiku akitazama nyota? Kabla usiku haujaisha wamempiga risasi jirani yao aliyekuwa anarudi gizani kwa miguu, na mtaa mzima uko kwenye vurugu. Mwishoni tunaonyeshwa wageni wawili kilimani, wakichezea swichi tu.

Mtazamaji wa 1960 alikuwa ametoka kuishi miaka ya Seneta Joseph McCarthy, wakati Mmarekani aliweza kupoteza kazi kwa kutuhumiwa tu kuwa mkomunisti. Neno mkomunisti halimo kwenye mchezo huo, wala halikuhitajika. Mdhamini hakuwa na chupa ya kuondoa, kwa sababu kiumbe wa sayari nyingine hana jimbo la kuogopwa wala duka la kususiwa. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za taarabu tunaijua mbinu hii vizuri: jina halitajwi, na kila aliyeketi ukumbini anajua nani amesemwa. Uzuri wa fumbo ni kwamba linakupata umelegea. Ungeambiwa tangu mwanzo kuwa hii ni hadithi ya kukulaumu wewe na majirani zako, ungejihami. Hapa unakaa kuwasubiri wageni wa angani, halafu unajikuta umekuwa ukimshuku yule mwenye gari pamoja nao.

Mwaka 2003, toleo lililofufuliwa la The Twilight Zone lilirudia kisa hichohicho. Wageni wakaondolewa, mahali pao pakawekwa jeshi linalopima jinsi watu wanavyohofia magaidi. Sikatai kwamba hofu hiyo ilikuwa kweli, na ilihitaji kusemwa. Lakini sasa fumbo limeshafumbuliwa kabla halijafika kwako. Mtazamaji anajua mara moja yuko upande gani, na anabaki hukohuko. Toleo la 2019, lililosimuliwa na Jordan Peele, nalo lilikuwa na sehemu nzuri sana, hasa Replay, ya mama mweusi na kamera inayorudisha muda nyuma kila askari polisi anapomwandama mwanawe. Inauma. Ila inaposema jambo lake, inalisema moja kwa moja, kwa sababu mwaka 2019 hakuna aliyemzuia.

Usinielewe vibaya, sisifu udhibiti. Serling aliuchukia. Nasema tu kwamba ulimlazimisha kutafuta njia ya nyuma, na njia ile ikawa inapitika kwa miaka sitini.

Umaskini nao ulifanya kazi yake. Sehemu moja ya Star Trek ya kwanza iligharimu chini ya dola 200,000. Kutengeneza picha za chombo kikitua kwenye sayari mpya kila wiki kungemaliza fedha na muda, ndiyo maana ikabuniwa ile mashine inayowayeyusha watu hapa na kuwatokeza kule. Vifaa vya matibabu vya Dakta McCoy vinavyolialia ni vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani. Vilinunuliwa kwa ajili ya The Man Trap, maana yule kiumbe anaishi kwa chumvi, lakini umbo lake likawa la ajabu mno, wakaogopa watazamaji hawatatambua kuwa ni chumvi, wakampa daktari. Discovery iliripotiwa kugharimu zaidi ya dola milioni 8 kwa sehemu. Hata ukihesabu kupanda kwa bei, hiyo ni mara kadhaa ya ile ya zamani. Ukiwa na fedha hizo unaonyesha kila kitu. Ukiwa huna, unabaki na wazo, na ole wako kama wazo ni dhaifu (rejea Spock's Brain).

Na wazo lilitoka wapi? Dirishani. A Private Little War ilirushwa tarehe 2 Februari 1968, siku tatu tu baada ya mashambulizi makubwa ya Tet kuanza Vietnam. Kwenye sayari tulivu, dola moja kubwa imewapa silaha wanakijiji wa upande mmoja. Nahodha Kirk anaamua kuwapa upande wa pili silaha zilezile, ili mizani ikae sawa, na sehemu inaisha vibaya, hakuna anayejisikia mshindi. Wahusika wanagusia vita vya bara la Asia vya karne ya 20 bila kutaja nchi. Hata leo watu wanabishana kama sehemu ile iliunga mkono vita au iliipinga.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa kuliko zote. Star Trek ya zamani ilikuwa inazungumza na dunia ya nje. Zile mpya, mara nyingi, zinazungumza na Star Trek ya zamani. Shujaa wa Discovery, Michael Burnham, tunaambiwa ni dada wa kulelewa wa Spock. Anga lote hilo, na bado tunarudi kwenye familia ya Spock! Msimu wa tatu wa Star Trek: Picard, mwaka 2023, ulikuwa mkutano wa wahusika wote wa tamthilia ya miaka ya 1980 na 1990. Nililia kidogo, nakiri. Lakini nililia kama mtu anayetazama albamu ya picha.

Turudi kwa Uhura, maana yeye ananihusu. Jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru. Lilitamkwa mwaka 1966, Kenya ikiwa na miaka mitatu tu ya uhuru na Marekani miaka miwili tangu sheria ya haki za kiraia ya 1964. Kwenye tamthilia ile hatujui wazazi wake, hatujui alisoma wapi, hata jina lake la kwanza halitajwi. Nyota, jina tunalolijua leo, lilisikika kwenye skrini mara ya kwanza katika filamu ya 2009. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na aliyemzuia ni Martin Luther King. Baadaye NASA ilimtumia kuhamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kufika angani, mwaka 1992, alikuwa mtoto aliyemtazama Uhura. Mwanamke yule alihitaji tu kuketi pale kwenye usukani wa mawasiliano. Yaliyobaki mtazamaji aliyajaza.

Uhura wa Strange New Worlds, ya 2022, anatoka Kenya, anajua lugha 37, na tunaelezwa jinsi wazazi wake walivyokufa. Nampenda. Kiswahili chake pia kina nafuu. Lakini huyu mpya nimeelezwa, yule wa zamani nilimuwaza mwenyewe.

Kama unadhani basi kila kinachofufuliwa hakina roho, kuna Battlestar Galactica. Ya mwaka 1978 ilikuwa vita vya anga vya kawaida tu. Ile iliyofufuliwa na Ronald D. Moore kuanzia 2003 haikuiheshimu sana, ikachukua jina na mafupa, ikatazama dirishani. Mwaka 2006, Wamarekani wakiwa wanaikalia Iraki, msimu wa tatu ulifunguliwa na binadamu wakiwa chini ya utawala wa maroboti, na mashujaa wetu, wale tuliowapenda kwa misimu miwili, wanawatuma watu kujilipua. Jaribu kuweka kisa hicho Baghdad kwenye televisheni ya Marekani mwaka ule! Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika waandaaji na waigizaji wake New York kwa mjadala wa haki za binadamu.

Mdogo wangu na mimi tumefika hapo sasa, kwenye sehemu za utawala wa maroboti. Jana alisimamisha picha katikati, akaniuliza: "Sasa hapa nani mbaya?" Sikumjibu. Tukaendelea.