Chambo, Wala si Uvuvi

Katika rasimu ya istilahi za kompyuta iliyonifikia majuzi, barua pepe ya tapeli anayejifanya benki imeitwa "uvuvi wa taarifa". Kamati iliyoridhia neno hilo, sidhani kama ina mjumbe aliyewahi kushika mshipi.

Neno la Kiingereza, phishing, lilianzia kweli kwenye kuvua samaki, kisha f ikageuzwa ph, kwa kufuata jina la wale vijana wa Marekani waliochezea mitambo ya simu ili wapige bure. Katikati ya miaka ya 1990 warithi wao walijifanya wafanyakazi wa America Online, wakawataka wateja "wathibitishe" nywila zao. Wateja wakathibitisha. Kampuni ikabidi itangaze kwamba hakuna mtumishi wake atakayeomba nywila ya mtu.

Mwenzetu aliyeandika rasimu kafasiri jina, maana kaiacha ufukweni. Uvuvi ni kazi ya halali. Pwani nzima inakula kwayo. Tena juya halimdanganyi samaki, humkumba tu. Mdanganyifu ni chambo, kile kipande cha ngisi kinachoificha ndoana. Wahenga walishasema: mtego bila chambo haunasi. Nembo ya benki, jina lako lisilokosewa hata herufi, kitisho kwamba akaunti itafungwa jioni hii, vyote hivyo ni chambo. Kwa hiyo napendekeza *barua chambo*, ndugu wa barua pepe, na wingi wake ni uleule.

Wapo wanaoshikilia "wizi wa data". Mwizi huvunja mlango. Huyu hupiga hodi, nawe ukamkaribisha na kiti ukampa. Mwingine, ambaye kwa heshima simtaji, alidai kikaoni kwamba neno chambo linanukia "kuchamba". Wajumbe wakacheka, mwenyekiti akaahirisha. Kama kukaribiana sauti ni hoja, basi na tuifute "kamati", maana haiko mbali na "kamasi".

Kuhusu matumizi: ukiletewa barua chambo, soma anwani ya mtumaji baada ya alama ya @, usibofye kiungo, usitoe nywila, piga namba ya benki uliyokuwa nayo tangu awali. Hayo msomaji anayajua.

Pendekezo langu la kurasa nne lilijibiwa kwa barua pepe isiyo na jina la mwandishi, ikinitaka nibofye kiungo "kuthibitisha". Sikubofya. Huenda ndiyo maana neno langu halimo kwenye rasimu.